Kondoo Aliyemwamkia Mama

Kasulu, Jumanne

Kwako Kaka Mansuri,

Tangu Jumapili kuna sauti moja haijanitoka masikioni, nami nimeona nikuandikie kabla haijapoa. Ilianza kama kikohozi, ikakwama, kisha ikatoka yote kwa mkupuo, kama mlango wa stoo uliovimba kwa masika unapokubali kufunguka. Nitakueleza ilikuwa ya nani. Kwanza pokea salamu zetu. Sisi ni wazima, alhamdulillahi, kifua cha Mama kimetulia, na baridi ya huku ni ile ile unayoijua. Natumaini wewe, wifi Zena na watoto hapo Kibondo hamjambo, na kwamba Zuhra ameacha kula udongo.

Unakumbuka tulivyokubaliana kwa simu: Jumamosi hii utume gari lije kumchukua Mama ahamie kwako, na mimi nimkabidhi Omary ufunguo wa duka letu la vitenge, alipange yeye. Sababu zilikuwepo. Eda ya kumlilia Baba iliisha maharage yakiwa hayajachanua, lakini Mama hakutoka. Wageni wakipiga hodi ananituma niseme amelala. Mwanamke wa Makere, aliyelelewa kwenye salamu, akawa anaziogopa salamu, maana kila anayemsalimia huanza na pole.

Sasa Jumapili hakukuwa na mpira, na Asia, yule fundi cherehani jirani yetu, akaomba banda la video liwe la kina mama na watoto alasiri ile. Alimfuata Mama chumbani na kumwambia amekosa mtu wa kumshikia mtoto wakati anapanga viti. Mama hajui kumkatalia mtoto. Akajifunga ushungi, tukaenda.

Sinema yenyewe, Kaka, ni upuuzi mtupu. Imetokana na katuni ya watoto: baba, mama na wanao ni watu wa kweli, lakini kondoo wao amechorwa, anavaa kofia na anasema. Mama mkwe anakuja kukaa nao, na baba anahangaika kumficha kondoo asionekane. Hakuna zaidi ya hapo. Mimi na shahada yangu ya fasihi nilikaa nyuma, nimeshakasirika hata kabla haijaanza.

Mtafsiri alikuwa Anaclet, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, ambaye hukaa kando ya televisheni na kipaza sauti akiwasemea wote waliomo kwenye sinema. Mikononi mwake kondoo akawa mzaliwa wa Makere, na mama mkwe akawa ameshuka kwenye basi la Kibondo. Mwanamke mmoja wa mbele alisema kondoo wa aina ile kwao angeshaliwa Idi iliyopita. Mwenzake akamwonea baba huruma, akawa anamshauri kwa sauti amfiche jikoni. Baba alipomficha bafuni, mwanamke yule akasema ndiyo maana wanaume hawashauriki. Mzee Nurudini, aliyekuja eti kumtafuta mjukuu wake, alisimama mlangoni akilaani watu wanavyopoteza muda, na hakuondoka mpaka mwisho.

Ndipo mama mkwe akafungua mlango wa bafu. Kondoo akavua kofia, akainama, akatukazia macho sisi tulioketi. Kwa Kiingereza nadhani alitamka neno moja tu. Anaclet, ambaye Kiha amekiokota sokoni, akatamka kwa upole: "Mwidiwe."

Banda zima likaitikia. Unawajua wanawake wetu, salamu haiachwi ikaanguka chini. Wakapiga makofi yale ya taratibu, ya heshima, wakauliza habari za nyumbani, za mvua, za mifugo. Anaclet naye akaona aibu kunyamaza, akawajibu yote kwa niaba ya kondoo, mpaka habari za zizini, na huku mama mkwe ameshazimia na kuzinduka bila mtu wa kumtafsiria. Walipogundua sinema imewapita wakadai irudishwe nyuma. Ikarudishwa. Kondoo akasalimia tena, nao wakaitikia tena.

Mara hiyo ya pili ndipo nilipoisikia ile sauti. Mtoto wa Asia akiwa mapajani mwake, Mama alikuwa akipiga makofi pamoja na wenzake, na alikuwa anacheka. Alicheka hadi ushungi ukamwangukia mabegani, na hakuuinua.

Njiani sikuthubutu kumuuliza kitu. Alisema mwenyewe, tulipokuwa tunalikaribia duka: "Alivyovua ile kofia, baba yenu mtupu."

Kweli, Kaka. Mtu wa Ujiji aliyejifunza salamu za Kiha ukubwani na kuzizidisha, kofia mkononi kwenye kila mlango, chai inapoa nyumbani. Nilikuwa nimekaa na kondoo yule alasiri nzima bila kumwona Baba. Mama akautazama mlango wa duka, kisha akasema polepole: "Kibondo nitakwenda kuwasalimia. Kuhama, hapana. Huko nani atanisalimia ananijua?"

Kuna jambo sikukwambia kwenye simu. Nilipoukubali mpango wako upesi vile, sikuwa namfikiria yeye. Nilishindwa kukaa na ukimya wa nyumba hii, nikauita ugonjwa wake. Sikumuuliza anataka nini. Nawe hukumuuliza, wala sisemi hivyo kwa kukulaumu.

Kwa hiyo jana asubuhi nilikwenda kwa Omary kumwomba radhi kwamba ufunguo hatapewa tena. Alidhani natania, kisha akasema habari za kondoo zimeshamfikia. Masanduku ya Mama nimeyafungua, sufuria zimerudi jikoni. Duka tumelifungua pamoja, na kofia ya Baba inaning'inia juu ya vitenge. Mteja wa kwanza alianza na pole. Mama akaipokea, wakaendelea na habari za nyumbani, za mvua, za mifugo, mpaka chai yake ikapoa.

Gari la Jumamosi usilizuie. Lije, ila lije na wewe, wifi na watoto, maana Asia ameahidi kuirudia sinema. Mama anakuombea dua na anawabusu wajukuu wake. Nami nakusalimu kwa heshima zote, nikijua utakasirika kidogo kabla hujafurahi.

Mdogo wako,
Firdausi