Madam Alivyonibeba Mpaka Jeddah

Mtaa wa Al-Hamra,
Jeddah, Saudi Arabia.
3 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Zipporah,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mwanao Danson. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu, goti limekubali kushuka kisimani bila kelele, na wale kuku wa Chavakali wameanza kutaga badala ya kula tu. Mimi ni mzima kabisa. Jua la huku ni la kushika usukani kwa kitambaa, lakini nakula, nalala, na mshipi wa suruali umefika tundu la mwisho. Usiogope, ni kwa upande wa kunenepa.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu ulilalamika kwamba ujumbe wa simu huwezi kuusikiliza tena bila kumwomba Hillary, na Hillary akishakuwekea anaketi hapo hapo kusikiliza. Hii utaisoma peke yako. Anakuletea Dominic, kijana wa Mudete anayelinda jengo la ofisi hapa Jeddah, na sasa anakuja likizo. Mtilie chai ya tangawizi. Mfuko wa bluu ni wako wote. Hillary asije akakuambia ana sehemu yake humo.

Sasa nije kwa lile jambo. Nasikia sokoni wanasema nimefukuzwa kazi Riyadh, na wengine wameongeza kwamba niko jela. Jela siko. Hilo la kufukuzwa lina ukweli nusu, na nataka uupate mzima kutoka kwangu kabla hawajanizika.

Unajua nilikuwa dereva wa familia moja huko Riyadh, mtaa wa Al-Naseem. Bosi tunamwita Baba ingawa mimi na yeye tunakaribiana umri. Mkewe ni Madam Nuf. Mle ndani anafanya kazi pia Rosebellah, dada wa Kisii, mpishi hodari mwenye sauti ambayo Mungu aliikusudia kwa mikutano ya injili uwanjani. Kazi yangu ilikuwa kumpeleka Baba ofisini Olaya, watoto shuleni, na madam kila mahali palipobaki. Kisha treni za mjini zikaanza, Baba akazipenda kama mtoto, Olaya ikanitoka. Haujapita muda, madam naye akaenda shule ya udereva ya wanawake, akarudi na leseni.

Leseni alikuwa nayo. Barabara ndiyo aliyoiogopa. Baba akaniita uani.

“Danson, mzoeze madam barabara. Akishazoea, halas.”

“Halas nini, Baba?”

“Halas, utaenda nyumbani upumzike. Ikama yako inakaribia kuisha. Sitairefusha.”

Halas kwao ni basi, imekwisha, naye aliisema kwa upole, kama mtu anayenipa zawadi. Ikama, Shangazi, ni kile kitambulisho cha kuishi na kufanya kazi huku. Ikiisha, na wewe umeisha. Kwa hiyo nilikuwa nimepewa kazi ya kumfundisha mtu kuchukua kazi yangu, tena nimfundishe vizuri. Rosebellah alinishauri nifundishe vibaya. “Mwambie breki ndiyo mafuta,” akasema. Nikamkumbusha kwamba yeye ndiye atakayekaa mbele na madam. Hakurudia tena.

Maana ilikuwa hivi: mwanamume wa nje hawezi kukaa bega kwa bega na madam. Basi madam akishika usukani, Rosebellah anakaa pembeni yake, na mimi mwalimu nakaa kiti cha nyuma, peke yangu, kama waziri anayekwenda kufungua zahanati. Hebu niwazie nikipitishwa Al-Naseem hivyo kila alasiri! Yule Mpakistani wa duka la kona alitoka nje na mkate mkononi. “Danson, siku hizi kafili ni wewe?” Kafili ni mwajiri aliyekushikia karatasi zako. Nikampungia mkono taratibu, kama waziri hasa. Ningefanya nini?

Lugha nayo ilitusumbua. Kiarabu changu ni cha dukani na cha barabarani, lakini ukiogopa kinakukimbia chote. Gari likielekea ukutani nilijikuta nikipiga kelele, “Mungu wangu!” na madam anakanyaga breki. Baada ya wiki kadhaa nikagundua anaamini kwamba hilo ndilo neno la Kiswahili la breki. Siku moja gari lilizima kwenye mataa, akanigeukia akaniambia kwa uzito wote, “Danson, naona Mungu wangu imeharibika.” Rosebellah alicheka mpaka akafungua dirisha apate hewa.

Siku nyingine alirudi nyuma akaligonga pipa kubwa la taka la mtaa, paka wakachomoka humo kama wanafunzi waliosikia kengele. Madam alilia, akasema haendeshi tena maishani. Shangazi, hapo ndipo ningenyamaza na kazi yangu ikapona. Lakini nilimwona jinsi alivyojifuta uso kwa pembe ya shela, nikakumbuka mimi mwenyewe nilivyoliingiza lori la mahindi la Mzee Naftali kwenye mtaro na bado akanirudishia ufunguo asubuhi. Nikamwambia, “Madam, pipa halijasema kitu. Rudi tena, shwaya shwaya, polepole.” Akarudi.

Akaanza kuiva. Mzunguko akauweza, kona za kugeuza gari akaziweza, hata wale vijana wanaotaka kukupanda kwa nyuma huku wakiwasha taa akajifunza kuwapuuza. Nilikuwa nafurahi na kusikitika katika pumzi moja. Kila alipoegesha gari vizuri, nilijiona nimesogea hatua kuelekea uwanja wa ndege.

Mwezi wa nane tukasafiri kwenda Jeddah, kwa mama yake madam, Hajja Safiya. Baba alituendesha hadi Taif, mji wa milimani ambako kuna baridi ya kutaka sweta kama ya kwetu, tukalala kwa ndugu yake. Asubuhi Baba na watoto wakapanda gari la huyo ndugu waende Makka kufanya umra. Madam alisema yeye ataenda siku nyingine, hamu yake ni mama yake. Mimi na Rosebellah si Waislamu, haturuhusiwi kupita Makka, kwa hiyo gari letu lilipaswa kufuata barabara ya kuzunguka.

Kabla ya kuondoka Baba alinielekezea kidole. “Danson, unaendesha wewe. Huko mlimani madam asiguse usukani.”

“Hadhir, Baba.”

Gari lao lilipopotea kwenye kona, madam akaita, “Danson.”

“Naam, madam.”

“Nyuma.”

“Madam, Baba amesema mlimani usiguse.”

“Sawa. Na mlima ukiisha?”

Niliendesha ule mteremko wenye kona kama utumbo wa mbuzi, nikitamani uendelee hadi baharini. Haukuendelea. Chini kulikuwa na kituo cha mafuta na uwanda uliolala kama chapati. Nilitafuta kwa macho kilima chochote, hata kichuguu. Mafi, hakuna. Nikahamia nyuma.

Alienda vizuri. Rosebellah alifikia hata kusinzia. Tulipokuwa tumeshaizunguka Makka, na malori yamejaa upande wa kulia, lori moja mbele yetu likapasukiwa na tairi. Lilipiga kama bomu. Vipande vya mpira vikaruka juu, lori likaanza kuyumba kuja upande wetu. Nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Rosebellah naye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa kimya.

Madam hakukanyaga breki kwa pupa. Aliachia mafuta, akashika usukani kwa mikono miwili, akatazama kioo, akasogea ukingoni taratibu mpaka tukasimama kwenye kokoto, na lori likapita likiburuza chuma. Yote niliyowahi kumwambia kutoka kiti cha nyuma, aliyafanya kwa mpangilio wake, na mimi nimeganda kama samaki wa kwenye barafu.

Kisha madam akasema bila kugeuka, “Danson, hukusema Mungu wangu.”

“Nilisema moyoni, madam.”

Akafungua mkanda wake. “Njoo mbele,” akasema. “Uendeshe wewe.”

Shangazi, nilishaushika mlango. Nilijua akiuacha usukani pale, kwenye zile kokoto, hataurudia, na mimi nitaendesha gari la Al-Naseem hadi nizeeke. Nilijua pia Baba alisema niendeshe mimi. Nikaufunga ule mlango.

“Hapana, madam. Kunywa maji kwanza. Halafu tumalizie.”

Rosebellah alinigeukia akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, kisha akampa madam maji. Madam akanywa, akajifunga tena mkanda. Akasema bismillahi, akawasha taa ya pembeni, akaingia barabarani.

Al-Hamra tulifika alasiri. Hajja na jamaa zake walikuwa langoni. Mjomba mmoja mzee, macho hayaoni sawasawa, aliona gari limeendeshwa na mwanamke na nyuma amekaa mwanamume mwenye shati la mikono mirefu. Akakimbilia mlango wangu, akanifungulia, akanishika mkono kwa mikono miwili, “Ahlan, ahlan!” akaniongoza hadi kwenye mazulia, akaniwekea tende na kunimiminia kahawa. Nilijaribu kusema mimi ni dereva. “Dereva wako yuko salama,” akanijibu, “anazungumza na mama yake.” Nilikuwa kikombe cha pili walipokuja kunikomboa.

Kesho yake Baba akafika na watoto. Mjomba alimpa sifa zote za safari kabla hajavua viatu, na uso wa Baba ukabadilika. Akaniita mbele ya watu.

“Danson, nilikuambia nini?”

“Ulisema mlimani asiguse, Baba. Mlima uliisha.”

Kisha Hajja Safiya, aliyekuwa amekaa na tasbihi yake, akaangua kicheko hadi bega likamtikisika. Baba hakucheka. “Halas,” akasema. “Tukirudi Riyadh, tiketi.”

Lakini Hajja aliinua mkono, akanisogeza karibu. Ni mama mfupi, mnene, mwenye macho ya kukusoma mpaka mfukoni. Madam alikuwa amemsimulia habari ya lori.

“Wewe, lile tairi lilipopasuka, uliogopa?”

“Sana, Hajja.”

“Alikupa usukani, mbona hukuuchukua?”

“Niliogopa, lakini yeye alikuwa anaendesha vizuri.”

Akavuta punje chache za tasbihi. “Madereva wote waliowahi kuja kwangu waliniambia hawaogopi kitu,” akasema. “Mmoja alinitia kwenye chemchemi ya maji katikati ya mzunguko.” Kisha akamgeukia mkwewe. “Wewe humtaki?”

“Hana kazi kwangu, mama.”

“Mimi sina dereva tangu yule Mwindonesia arudi kwao, na wapwa zangu wananichelewesha hadi kwenye matanga. Niachie huyu.”

Baba si mtu mbaya, Shangazi. Alikuna ndevu, akatoa simu, akaanza kubofya. Nikapokea ujumbe, nikakubali, naye Hajja akakubali kwa simu yake huku mjukuu akimwonyesha pa kubonyeza. Nilihamishwa kama salio la simu, kutoka kafili mmoja hadi mwingine, nikiwa nimesimama papo hapo na viatu mkononi. Hivyo ndivyo nilivyofukuzwa Riyadh.

Siku waliyoondoka Rosebellah alilia kwa ile sauti yake hadi majirani wakachungulia. Madam ndiye aliyeshika usukani, na Baba akakaa kando yake, mkanda amejifunga, midomo inaenda kwa dua. Jioni alinitumia ujumbe wa sauti: “Danson, ni wewe uliyemfundisha kupita malori hivi?” Alisikika amechoka, lakini nyuma yake nilimsikia madam anacheka.

Jeddah ni nzuri, ila ina jasho. Shati linalowa kabla hujamaliza vifungo. Ijumaa tunakutana Wakenya wachache chumbani kwa Dominic, tunasonga ugali kwa unga wa duka la Wahindi, tunabishana siasa za nyumbani kama vile tunasikilizwa. Alasiri nampeleka Hajja ufukweni, ananunua mahindi ya kuchoma, analalamika kwamba hayana chumvi, anamaliza. Hunitajia makosa ya kila gari linalopita. Aliniuliza nani alinilea, nikamsimulia habari zako, jinsi ulivyonitoa kwenye ule mtaro pamoja na mahindi ya watu. Ile birika iliyo kwenye mfuko wa bluu ameitoa kabatini mwake mwenyewe. Akauliza kama unaendesha gari. Nikamwambia hapana, unapanda bodaboda na kuku mkononi. Akatikisa kichwa, akasema nikuambie umri wako bado unaruhusu.

Sasa keti. Wiki iliyopita Hajja alinituma nimpeleke mahali, hakusema wapi. Ilikuwa ile shule ya udereva ya wanawake. Amejiandikisha, na miaka yake karibu sabini. Tuliporudi garini nilikuwa na uso ambao hata yeye aliuona. “Usiogope,” akaniambia, “nikipata leseni nitakubakisha. Nikiendesha peke yangu nitabishana na nani?” Masomo yanaanza Jumapili.

Nisalimie Keziah na watoto wake, Mzee Naftali, mama Celestine wa kanisani, na hata Hillary. Mungu akutunze wewe na hilo goti, aibariki meza yako, na anifikishe kwako mwezi wa kumi na mbili nikiwa na viungo vyote. Kikundi chenu cha maombi cha Jumapili naomba kinitaje kwa jina, na kama inawezekana, waanze mapema.

Mimi mwanao nikupendaye sana,
Danson