Mama Akikimbilia Sambaza

Kinshasa, Jumapili

Mama wangu mupendwa,

Jambo sana toka huku mbali. Muko aje hapo Bukavu? Kifua cha papa kimetulia? Ile njia ya mulimani, mvua haijaimaliza? Mimi niko, Mungu ananichunga, ijapo joto la huku linanikaanga na Lingala yangu ingali inachekesha watu wa soko.

Barua hii inaletwa na tonton, mujomba wetu, pamoja na kitabu. Usikifungue kwanza, soma.

Unakumbuka niliomba mupigwe foto mukiwa kazini? Nilikuwa ninachora kitabu cha hadithi cha watoto wa shule ya primaire, na watu wangu hawakuwa na uhai. Madame anayesimamia kitabu akaniambia wazi: "Nsimire, watu wako wamesimama kama nguzo za umeme. Niletee watu wanaotembea, la sivyo kazi ninapatia mwingine." Niliogopa sana, mama. Kazi ile ndiyo ilinileta huku.

Foto zenu zikafika. Yesu wangu! Papa ameshika jembe, kravati shingoni. Wewe na beseni kichwani, kitenge kipya, viatu vya kanisa, umesimama wima unatazama simu bila hata kupepesa. Nilicheka mpaka machozi, halafu nikalia kweli, maana hakukuwa na cha kuchora. Si kosa lenu. Kwetu mutu akisikia foto, lazima aoge kwanza.

Aliyeniokoa ni mudogo wangu Neema. Alikurekodi bila wewe kujua, siku ile mvua ilipokuja na sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, zimeanikwa nje, akanitumia video. Uliruka, mama! Kitenge umekikunja magotini, mukono mumoja unakusanya samaki, mwingine unafukuza kuku, na kinywa hakinyamazi: "Neema! Unachezea simu na chakula kinalowa!"

Nikawa ninasimamisha video kidogo kidogo, ninachora mugongo unavyopinda, bega linavyotangulia, uzito unakoangukia. Nilifuta mpaka gomu ikaisha. Madame alipoona akasema: "Huyu mama atatoka kwenye karatasi." Kazi ni yangu! Fungua sasa: uko kwenye jalada. Usikasirike kwamba huna viatu. Aksanti, mama. Aksanti sana.

Nisalimie papa, Neema mwenye kurekodi watu kwa wizi, koko wetu muzee wa Nyangezi, na jirani yetu muuza makala ya kupikia.

Lakini kuna neno moja, nalo si la kucheka. Ukikimbia, muguu wa kuume huukanyagi sawasawa. Kila niliposimamisha video, uzito wote uko kushoto. Nilidhani nimekosea kuchora, nikarudia, na bado. Kwa simu hujaniambia kitu. Unaumwa tangu lini, mama?

Kitabuni muguu huo nimeuchora ukiwa muzima. Wa kweli siwezi kuuponya na kalamu. Ukishasoma barua hii, kesho yake Neema akupeleke kwa muganga wa hospitali, nakuomba.

Mutoto wako anayekukumbuka kila siku,
Nsimire