Ijumaa Ulizokwenda kwa Mwamini

Yaya Ngoie,

Nilitaka kukuandikia kwa machozi tu, kama inavyofaa kumwandikia dada mkubwa aliyezikwa juzi juzi. Lakini nina wivu, Yaya, na kwako sijui kuficha. Mbona hukuniambia habari za Mwamini?

Ngoja nikueleze yaliyotokea. Baada ya kilio, mkubwa wa redio aliniita. Alisema kipindi chako cha hadithi za kutisha kisife, nikichukue mimi, maana Kamina nzima inajua kwamba mimi ndiye mwanafunzi wako. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nikaandika hadithi ya mvuvi wa Mulongo aliyezama, akarudi kudai wavu wake. Nilimwekea meno, damu, macho mekundu, na mayowe ya kutoboa masikio. Nilipoisoma redioni niliogopa mwenyewe. Kesho yake sokoni wamama walinicheka.

"Kabange, mufu yako iko na makelele sana! Ya Yaya Ngoie ilikuwa inatuogopesha bila kufungua kinywa."

Ndipo mkubwa akamjaribu Mwamini, yule binti wa watu wa Maniema anayeuza vitambaa kwenye duka la baba yake. Nilikaa studioni nikingoja ashindwe. Akasoma taratibu. Mwanamke wa Bukama anampokea mumewe aliyeshuka kwenye treni. Mvua inapiga mabati. Mume anasalimia watoto, anaketi, anaomba maji. Mke anapokea koti lake alitundike. Koti ni kavu.

Hapo akanyamaza. Hakuongeza neno. Fundi wa mitambo aligeuka kutazama mlango.

Ukimya ule niliujua. Ulikuwa wako. Mara ngapi nilikuomba unifundishe unavyomaliza, ukanijibu, "Jua kwanza kuanza"? Ukanirudisha kila siku kwenye mambo ya nyumbani: mchi, ndoo, harufu ya mihogo iliyolowekwa. "Woga inapenda nyumba yenye muntu amezoea," ulisema. Nikaamini kwamba siri ya mwisho unanitunzia. Kumbe ulishampa mwingine.

Nilimfuata dukani. Hata salamu sikuitoa vizuri.

"Nani alikufundisha?"

"Yaya Ngoie," akajibu huku akikunja kitambaa. "Alikuwa anakuya hapa siku ya Ijumaa, sisi tukimaliza swala."

Ijumaa! Mimi uliniambia Ijumaa unakwenda kwenye mazoezi ya kwaya.

"Alinifundisha kitu moja tu," Mwamini akaendelea. "Usionyeshe mufu. Onyesha kitu kidogo yenye haiko sawa, kisha unyamaze. Mwenye kusikia ndiye atamalizia mwenyewe."

Alinipa bure, Yaya, kile nilichokuomba miaka yote. Wala hakujua kama ni mali. Sikumshukuru. Nilitoka nikitembea haraka, nikiwaona ninyi wawili katikati ya vitambaa, mnacheka, pengine mnanicheka mimi. Nilimwonea wivu yeye, nikakuonea na wewe, nikakionea hata kiti ulichokuwa unakalia.

Nikaandika kwa hasira. Umeme umekatika, familia inamega matonge ya bukari kwenye sahani moja. Mikono inaingia, inatoka. Wanaongea habari za shamba, za bei ya samaki. Kisha binti mdogo anauliza, "Mukono ya nani hii iko baridi?"

Basi. Yote niliyokuwa nimeandika baada ya hapo niliyafuta. Iliniuma kama kung'olewa jino, lakini niliyafuta.

Niliisoma redioni jioni, nikarudi nyumbani. Mama alikuwa ameshapika bukari na sombe ya majani ya mihogo, na redio yake bado ilikuwa inaongea. Unamjua mama yangu. Hadithi zako zote alizisikiliza akikoroma, mpaka ukaapa kwamba hakuna wa kumtisha. Tulinawa mikono. Nikaivuta sahani yetu katikati, kama siku zote. Mama akaenda kuchukua sahani nyingine, akajipakulia kando, akaketi mgongo ukutani.

"Leo miye nitakula peke yangu," akasema. Hakunitazama.

Yaya, niliruka! Nilivaa kandambili, nikatoka mbio kuja kwako nikuambie: nimemshika Mama, yule aliyekushinda wewe! Nilifika mbele ya mlango wako, mkono juu, tayari kubisha. Ndipo nikakumbuka. Nikakaa pale pale chini, nikalia kwa sauti mpaka majirani zako wakatoka.

Pumzika sasa, dada yangu. Mwamini ameomba tusome kwa zamu, nami nimekubali. Bado simpendi, usinilazimishe. Lakini ninakuahidi kitu kimoja: nitakupita. Nitaandika mpaka nikupite, ili huko uliko na wewe uonje wivu huu ulioniachia.

Mdogo wako,
Kabange