Amina ya Mama Hansa

Donholm, Jumatatu

Nyanya wangu kipenzi,

Mahindi yamepona mvua? Huku ni vumbi tupu, na mandazi ya Shangazi Rosa yatanirudisha kwako nikiwa pipa.

Jirani yake ni bibi wa Kihindi, Mama Hansa. Kila asubuhi huketi nyuma ya ukuta na shanga zake, akilirudiarudia taratibu jina la Lakshmi, mungu wao wa kike, akiomba baraka za nyumba na utulivu wa moyo. Akinyamaza tu, Shangazi, binti yako huyo mtu wa kanisa kabisa, humwitikia kutoka jikoni: "Amina!" Anasema sala ya jirani haiachwi ikining'inia.

Leo sala ilipoisha, Shangazi alikuwa na andazi la moto mdomoni. Mara tukasikia ng'ambo ya ukuta: "Rosa! Amina yangu iko wapi?"

Nikaipaza mimi. Bibi akacheka hadi akakohoa.

Hapo nikakukumbuka, Nyanya. Tangu Babu atutoke, kila jioni unaomba peke yako na nyumba haikuitikii. Basi jioni ukimaliza kuomba, usiinuke haraka. Tulia kidogo, unisikie nikikuitikia kutoka huku.

Mjukuu wako,
Neema