Ngazi za Hoteli Nzuri

Jumatatu, 4 Agosti 1986

Unga nimekanda, maharagwe yako jikoni. Kibanda nilifungua mapema na watu wa kiwanda wamekula chapati na habari yangu pamoja. Nafula anakuja kesho. Kutoka Lusaka. Na bwana yake. Sasa wote wanajua, hata wale ambao hawakuuliza. Mama Wambui wa duka, jirani yangu, amesema akisikia Lusaka mara nyingine leo atanifungia mlango. Wivu tu. Binti zake wote wameolewa hapo Soy.

Wangu polio ilimchukua miguu akiwa mdogo. Nilimbeba mgongoni kwenda shule mpaka leso ikawa haimtoshi. Leo ana kiti chake cha magurudumu na anapiga taipu ofisi kubwa, nchi ya watu. Nani mwingine hapa Huruma?

Wanakuja likizo, wiki mbili. Kutembea polepole tu, kula na kuona mji. Lakini mkwe hawezi kulala chini ya paa langu. Kwetu Waluhya mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, hata usoni hawatazamani. Kwa hivyo nimewachukulia hoteli mjini, ile nzuri ya gorofa. Nilikwenda mwenyewe nikapapasa mashuka. Nikasema nataka juu kabisa, waone mji wote.

Jumanne, 5 Agosti

Wamefika. Nafula amenenepa, amevaa gauni ya njano. Nililia stendi mbele ya watu. Sijali.

Mkwe jina lake Mulenga, mwalimu wa hesabu. Aliponiona tu akageuka akatazama barabara. Kumbe kwao pia ni hivyo. Nikajifunika leso, nikamsalimia kupitia kwa Nafula. Kiswahili anasikia, alizaliwa karibu na mpaka wa Tanzania. Mtu wa adabu. Nimeona mgongo tu, lakini ni mgongo mzuri.

Halafu hoteli. Picha ya Rais ukutani imepanguswa vumbi vizuri, na chini yake kijana wa mapokezi anachokoa meno. Akamtazama Mulenga, akaniambia mimi, "Mama, huyu wa kusukuma atalala kwa kota kule nyuma, na madereva."

Nafula akamwambia huyo ni bwana yake. Akacheka. Alicheka kabisa, kijiti mdomoni.

Halafu ngazi. Siku ile ya mashuka nilizipanda mwenyewe na sikuziona. Kwangu Nafula bado yuko mgongoni, nafikiri ndiyo sababu. Weita wawili wakamnyanyua kama gunia la viazi. Mmoja ameshika mahali si pa kushika, na anatabasamu. Mulenga akafuata na kiti begani.

Niliomba chumba cha chini. Hakuna. Chini ni baa.

Jumatano, 6 Agosti

Tumetembea mjini. Wao mbele, mimi nyuma mbali kidogo, leso kichwani. Wanatembea kama watu ambao hawangojwi mahali popote. Wanasimama kutazama redio ambazo hawatanunua. Wanakunywa soda. Nafula anamwonyesha: hapa mvua ilitunyeshea, hapa Mama alianguka na mimi matopeni. Mulenga anacheka hata mabega. Nilifurahi.

Kwa muda mfupi tu. Mama mmoja, kwa kumwangalia ni wa Elgon View kwa matajiri, nguo safi, dereva anamngoja, alipita akamtupia Nafula sarafu mapajani. Na Nafula alikuwa anakula aiskrimu. Mwombaji gani anakula aiskrimu? Nilitaka kumkimbilia yule mama nimrudishie kwenye meno. Nafula akasema asante, akanunua nayo hindi la kuchoma, akanikatia nusu.

"Kula, Mama. Leo Elgon View wametulisha."

Nililitafuna. Wao wanacheka, mimi sicheki. Watu wanachukiza. Mji wangu niliousifu unachukiza.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimejua yote.

Mlango wa bafu ni mwembamba, kiti hakipiti. Tangu Jumanne mwanangu anaogea kwa karai chumbani. Mulenga anamshikia shuka dirishani kwa sababu pazia ni fupi. Dirisha lile lile la kuona mji wote. Mimi naisifu hoteli, wao wananyamaza wasiniumize.

Mezani weita anamwuliza Mulenga, huyu atakula nini. Mulenga anamwambia, muulize mwenyewe. Weita anamwuliza tena Mulenga.

Halafu meneja. Ati wageni wengine wanakosa hamu ya chakula wakimwona. Ati awe anapitia mlango wa jikoni. Nilikwenda kuuona huo mlango. Ndoo za matumbo ya mbuzi. Nzi. Kabeji imeoza mpaka imekuwa uji. Maji ya vyombo yamesimama, kijani. Magurudumu ya mwanangu yamepita hapo, na nilimkuta anayafuta kwa gazeti, na mikono ile ile ya kupiga taipu. Nilitapika hapo hapo, mbele ya wapishi. Waache waone.

Nafula amesema wanaondoka kesho. Nairobi, halafu nyumbani. Alisema nyumbani, na hakumaanisha hapa.

Akienda namna hii hatarudi. Namjua, nilimzaa. Hapigi kelele, anafunga mlango tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nilibeba chapati za safari. Nilifika hotelini nikakuta masanduku yameshushwa na watu hawajashuka. Weita ati wana kazi. Mulenga yuko juu ya ngazi, ameshika kiti kwa nyuma, Nafula amekaa ndani. Mbele hakuna wa kushika. Akishuka peke yake wataviringika wote wawili. Watu wa baa wametoka na chupa zao kutazama. Yule wa kijiti anatazama.

Nilivua viatu. Leso ya kujifunika nikaifunga kiunoni. Nikapanda.

Nafula akanong'ona, "Mama, huyu ni mkwe wako."

"Nyamaza, usiegemee mbele."

Nikashika chuma cha miguu, yeye juu, mimi chini. Tulishuka uso kwa uso, Nafula katikati yetu. Ngazi zinapokata kona kiti kililala upande, Mulenga akashika chuma, mkono wake ukaangukia juu ya wangu. Ukabaki hapo mpaka chini. Nikamwona. Ana kovu kwenye nyusi. Mtoto tu, anatokwa jasho, ameogopa kama mimi.

Weita mmoja ni wa kwetu, wa Webuye. Alifunika mdomo akasema kwa lugha yetu hii ni aibu gani, mama mzima kushikana na mkwe.

Nikatua kiti kwanza. Ndipo nikamjibu, kwa Kiswahili, baa yote isikie.

"Hii umeona aibu. Binti yangu mkimpitisha kwenye matumbo ya mbuzi, macho yalikuwa wapi?"

Wengine walirudi ndani na chupa zao. 

Nje nilimwambia Mulenga mwenyewe, si kupitia kwa mtu, kwamba Nairobi hawaendi. Chumba changu hakina ngazi. Watalala humo, mimi nahamia kwa Mama Wambui. Mulenga alikuwa ameshaanza tena kutazama chini. "Ndiyo, Mama," akasema. Nafula alizipakata zile chapati, akakigeuza kiti upande wa Huruma.

Jumamosi, 9 Agosti

Kiti kilipita mlangoni kikakwangua rangi. Kikwangue. Mama Wambui amesugua bafu ya ploti, ile ya wapangaji wote, kwa jivu, analalamika tangu asubuhi mpaka imeng'aa. Mulenga ametoboa kiti changu cha zamani, sasa ni cha choo. Kwao alitengeneza kama hicho. Fundi pia! Nimewaambia wote kibandani.

Jumapili, 10 Agosti

Mvua tangu kutoka kanisani. Hawakutembea leo. Nafula amesema watamaliza wiki zao mbili.

Mabati ya ploti hii yameunganika, kutoka chumba cha kwanza mpaka cha mwisho. Kwa hivyo tunalala chini ya paa moja, hata nikihamia kwa Mama Wambui. Wazee kule nyumbani wakisikia watadai kondoo wa kusafisha mwiko huu. Watachinja siku wakijua.

Jioni tulikaa kibarazani. Mulenga ametazama ukuta, mimi nimetazama matone, Nafula katikati anachambua maharagwe yangu. Nilimimina chai. Kikombe cha Mulenga huwa nampa Nafula ampe. Leo mikono ya Nafula ilikuwa imejaa maharagwe.

Nikanyoosha mkono kwa nyuma, bila kugeuka. Kikombe kilichukuliwa taratibu.

Sukari nilikuwa nimemwekea nyingi.