Nyimbo Zimerudi Kutoka Kwenye Disketi

Bariadi, Jumatano kabla ya Pasaka

Zimerudi zote!

Umeme ulikatika mchana, na kompyuta ya parokia ilipowaka tena, nyimbo za kwaya zilikuwa zimeharibika. Mwalimu Masanja, aliyezitunga, alivuta kiti akakaa mbele ya kioo. Mimi nilikuwa na nakala ya jana kwenye disketi. Ila kurudisha sikuwahi kujaribu, na ningekosea upande, mbovu zingefunika nzima.

Nikaandika XCOPY, amri ya kunakili, toka A, yaani disketi, kwenda C, ndani ya kompyuta. Nikafumba macho, nikabonyeza.

Majina yakaanza kupanda kwenye kioo. Mwalimu akawa anaimba kila wimbo unapopita, hadi pumzi zikamwishia. "Mwanangu, iambie iende polepole!"

Mwishoni akavua kofia, akaiinamia kompyuta, akaishukuru kwa Kisukuma: "Wabeja!"

Mimi wala hakunitazama. Nacheka hadi kitanda kinalia.