Mlio wa Gurudumu la Kushoto

Kyuso,
Jumapili baada ya kanisa.

Ndugu yangu Muindi,

Kwanza nisamehe kwa kukaa kimya hivi. Umepiga simu sikushika, umetuma ujumbe sikujibu, na nasikia umeanza kuuliza watu kama mimi ni mgonjwa. Mimi si mgonjwa, nimechoka tu. Natumai wewe uko salama huko Mombasa na ule mgongo wako umepoa. Sisi tunasukuma siku. Mwaitu, mama yetu, anakula vizuri, ni magoti tu yanamsumbua asubuhi. Kavata ameota meno ya juu na siku hizi hataki kulala mahali pengine ila mgongoni mwangu. Hata sasa yuko hapo, ananivuta kitambaa cha kichwa.

Najua unangoja habari ya pickup uliyoniachia, kama nimempa Ndululu wa kwaya au la. Ulisema nimuuzie haraka kabla kongamano la kwaya halijafika na hajapata gari lingine. Ningekuambia kwa simu, lakini kwa simu wewe hunishinda kwa maneno. Ndiyo maana nitampa Kasyoki, yule kondakta wa basi, akuletee barua hii mkononi.

Kuna mlio ulianza nikipeleka magunia ya ndengu mjini Mwingi. Kwa lami gari lilikuwa kimya kabisa. Nikiingia barabara ya murram, ko, ko, ko, mbele upande wa kushoto, kama mtu anabisha mlango. Tena si kwa mashimo makubwa. Ni nikienda polepole kwa vijiwe vidogo. Akina mama ninaowabeba walicheka sana. Kalunde, mmoja wao, akaniuliza nimefungia nani huko chini, nimfungulie atoke.

Nilienda kwa fundi Nderitu, yule wa karibu na soko la mbuzi. Akabonyeza bampa, akasema shoki za kuzuia mtikiso zimekufa. Niliuza mbuzi yule mwenye doa, shoki mpya zikafungwa, na kabla sijatoka vizuri Mwingi kitu kikabisha tena. Niligeuza gari nikiwa na hasira. Nilimwambia amlaze mtoto wangu kiti cha kando aendeshe mwenyewe mpaka Kyuso, halafu aniambie tena habari ya shoki. Alicheka, lakini niliona ameingiwa na aibu.

Safari hiyo hakubahatisha. Aliniweka ndani nikate usukani kulia na kushoto gari likiwa limesimama, Kalunde amenishikia mtoto, yeye akalala chini akigusa vyuma kimoja kimoja. Alisema sikio hudanganya kwa sababu mlio hutembea kwa chesisi, lakini chuma kilichokufa hupiga kiganja. Bushi za juu, zile za mpira, hazikupiga. Tairodi ya usukani haikupiga. Kisha akaweka jeki chini ya ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, tairi likaacha ardhi, akatia mtaimbo chini ya tairi akainua. Muindi, tairi lilipanda peke yake na mkono ukabaki pale pale. Niliona kwa macho yangu. Aliniuliza kama najua kazi ya hiyo boljointi inayounga mkono na gurudumu. Akaniambia ikichomoka, gurudumu linalala nje na gari linapiga pua chini, na kwa ule mteremko wa kushuka mtoni breki haitanisaidia kitu. Nilirudi nalo kwa kuvutwa, polepole, na sasa limesimama juu ya mawe hapa nyumbani.

Ndululu alikuja kuliona akiwa na suti yake ya kanisa. Kalunde alikuwa amemwambia habari ya mlio, kwa hivyo akaanza utani, eti gari la mama Kavata linaimba soprano, litaingia kwaya bila mazoezi. Alisema yeye atakata kipande cha akala abane hapo, mambo yaishe. Na ni kweli, huku bushi ikiisha kila mtu hukata tairi kuukuu. Kwa bushi mpira unasaidia kidogo. Kwa boljointi unanyamazisha tu. Nilimpa mtaimbo ainue mwenyewe. Utani uliisha. Alisimama pale akipangusa mikono, akasema alitaka kupanga wanakwaya wote nyuma, na watoto wao. Akaenda zake bila gari.

Sasa nikuambie kilichonifanya nisishike simu yako. Nderitu alipotoa gurudumu, alivuta kipande cha akala kilichokuwa kimebanwa pale pale kwenye boljointi na kufungwa kwa waya. Kilikuwa kimesagika, ndiyo maana mlio ukaanza kusikika. Aliapa si kazi yake. Sikubishana naye. Ule waya umesokotwa kwenda kushoto na ncha yake imekunjwa ndani isikwaruze mtu. Nilifika nyumbani nikaangalia lango la mbuzi ulilofunga kwa waya kabla hujaenda. Ni mkono uleule, Muindi.

Labda ulikuwa na haraka, ukasema spea utanunua ukipata. Lakini Kavata amelala kwa kiti cha upande huo wa kushoto msimu mzima, na mimi nikimshukuru Mungu kwamba kaka yangu ameniachia gari lisilo na kelele.

Mwaitu sijamwambia, wala Ndululu. Na sikuchukii. Ni wewe ulinivusha mabegani mto ukijaa, sijasahau. Lakini hilo gari halitauzwa kwa mtu yeyote, wala halitashuka kwa mawe, mpaka lifungwe vizuri. Atakayefunga ni wewe, mbele yangu, Nderitu akiangalia. Mpaka hapo nitateka maji kwa jerikeni, na ndengu ziingie wadudu kama zinataka.

Mwaitu anakusalimu, anasema uvae shati zito wakati wa mvua. Kalunde pia anakusalimu.

Ni mimi dada yako,
Mutanu.

Tuma kwanza kwa Kasyoki, wewe ufuate: boljointi za chini, ya kushoto na ya kulia pia, maana Nderitu anasema ya kulia iko njiani kuisha. Bushi za stabilaiza, zile za dukani, si za kukata tairi. Pini za kufungia nati. Kopo la grisi. Dawa ya mwaitu ya kupaka magoti. Soksi za Kavata, zenye kushika kifundo. Waya usitume. Ule wako nimeuweka.